Walimu wa Aleksandria: Historia Fupi ya Chuo cha Katekesi

Mwaka 2025 Wakristo wa madhehebu mengi waliadhimisha miaka 1700 ya Mtaguso wa Nikea, ule uliotoa msingi wa kanuni ya imani inayosemwa makanisani hadi leo. Katika kumbukumbu kama hizo jina la Kaisari Konstantino halikosekani. Mji ulioanzisha mjadala wenyewe hupitwa haraka. Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, alihudumu Aleksandria. Askofu Aleksanda aliyempinga alikuwa na kiti chake mji huohuo, na shemasi kijana aliyemsindikiza askofu hadi Nikea, Atanasi, alikuwa mtu wa hapo. Haikuwa sadfa. Kwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya mtaguso, Aleksandria ilikuwa na walimu ambao kazi yao ilikuwa kuwafunza watu Maandiko na kuyatafiti kwa maswali magumu. Historia hii fupi imeandikwa kwa heshima ya chuo chao.

Tuelewane kwanza kuhusu hilo neno chuo. Msomaji asifikirie lango, bweni na mahafali. Masomo yalifanyika nyumbani kwa mwalimu, na wakati wa mateso mwalimu alihama nyumba hadi nyumba akikwepa umati na askari. Mahali hasa kilipokuwa hapajulikani. Wanaakiolojia kutoka Poland wamefukua Kom el-Dikka, katikati ya mji, kumbi zaidi ya 20 za mihadhara, zenye madaraja ya mawe ya kukalia wanafunzi na kiti cha mwalimu upande wa ndani. Wageni hupenda kuambiwa kwamba pale ndipo walipofundishia mababa wa Kanisa, lakini kumbi hizo ni za karne ya 5 hadi ya 7, wakati walimu tunaowazungumzia walikuwa wamekwisha kufa.

Mji wenyewe ulikuwa umejiandaa kwa kazi hiyo. Ulianzishwa mwaka 331 KK, ukawa na maktaba iliyosifika kote na jumuiya kubwa ya Wayahudi. Huko, katika karne ya 3 KK, Torati ilianza kutafsiriwa kwa Kigiriki, tafsiri ambayo ilikuja kuitwa Septuaginta na kuwa Biblia ya Wakristo wa kwanza. Filo, Myahudi aliyeishi wakati mmoja na Yesu, aliwafundisha wasomi wa mji kuvisoma vitabu vya Musa kwa kutafuta maana iliyofichika nyuma ya simulizi. Apolo, yule mhubiri hodari wa Matendo 18:24, alitoka hapo. Mapokeo ya Wakopti husema Marko Mwinjili ndiye aliyeleta Injili na kuanzisha chuo, na Jeromu, yule msomi wa Biblia, naye aliandika kwamba tangu siku za Marko mji huo haukukosa walimu. Mapokeo yana heshima yake. Mimi naanzia penye maandishi, na hapo ni mwaka 180 hivi.

Mwalimu wa kwanza tunayemjua kwa jina ni Panteno, aliyekuwa mwanafalsafa wa Kistoa kabla ya kuongoka. Eusebi wa Kaisarea, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anasimulia kwamba alisafiri hadi India na kukuta Injili ya Mathayo imemtangulia. Kitabu chake hakuna hata kimoja kilichotufikia. Alichotuachia ni mwanafunzi: Klementi, mtu aliyezunguka Ugiriki, Italia na Mashariki akitafuta mwalimu wa kumtosheleza, mpaka akampata mmoja Misri na kukomea hapo. Hakumtaja jina, ila wengi wanaamini ndiye Panteno.

Klementi ndiye anayetuonyesha jinsi Ukristo ulivyoishwa mtaani, si kwenye hoja tu. Kitabu chake kimoja kinawaita wapagani waje. Cha pili, Paidagogo, kinamshika mkono aliyekwisha kubatizwa na kumfundisha mwenendo: ale nini, anywe divai kiasi gani, acheke vipi, avae viatu gani, alale kwenye kitanda cha namna gani, aende lini bafu la umma. Msomaji wa leo anaweza kutabasamu, lakini tufikirie hali yao. Mtu aliyeingia Kanisani Aleksandria mwaka 195 alitoka katika mji ambao karibu kila karamu na kila sikukuu ilikuwa na mungu wake. Kumwambia amwamini Kristo bila kumweleza afanye nini jioni akialikwa chakula kungekuwa kumwacha njia panda.

Mfano ninaoupenda ni wa pete. Pete siku hizo ilikuwa muhuri wa kufungia barua na mali, kwa hiyo Klementi hakuikataza. Aliuliza tu: nakshi yake iwe nini? Akashauri njiwa, au samaki, au jahazi linalokwenda na upepo, au kinubi, au nanga. Sura za miungu hapana. Upanga na upinde pia hapana, maana havimfai mtu wa amani, wala vikombe vya ulevi kwa mtu mwenye kiasi. Yeyote aliyeona samaki na nanga zilizochorwa kwenye makaburi ya Wakristo wa kale ataona kwamba alama hizo zilikuwa mikononi mwa watu.

Klementi huyohuyo aliandika hotuba juu ya tajiri atakayeokoka, akifafanua Marko 10, mahali Yesu anapomwambia tajiri auze vyote alivyo navyo. Hoja yake ni kwamba kinachotakiwa kutupwa ni tamaa iliyomo moyoni, kwa sababu kama kila Mkristo angebaki mikono mitupu, nani angemlisha mwenye njaa? Wapo wanaomlaumu kwamba aliwalegezea wenye mali. Nadhani wameishia nusu ya hotuba. Mbele anamtaka tajiri ajitafutie marafiki miongoni mwa maskini, yatima na wajane, tena amweke mtu wa Mungu wa kumsimamia na kumkemea bila kumwogopa. Hao wa kumkemea tajiri hadharani hata leo si wengi.

Mwaka 202, chini ya Kaisari Septimio Severo, mateso yaliufikia mji. Klementi aliondoka, na inaonekana hakurudi. Katika wimbi hilo Leonida, baba wa watoto saba, alikatwa kichwa. Mtoto wake mkubwa, Origene, alikuwa hajafika miaka kumi na saba, naye alitaka kwenda kujitoa auawe pamoja na baba yake. Mama yake alimsihi, na aliposhindwa akazificha nguo zake zote. Kijana akabaki ndani, akamwandikia baba yake gerezani kumtia moyo asiyumbe kwa ajili yao.

Mali ya familia ilitaifishwa, Origene akawa anafundisha sarufi ili wale. Walimu wa imani walikuwa wamekimbia. Wapagani kadhaa wakamwendea kutaka kulisikia Neno, na Askofu Demetrio akamkabidhi kazi ya kuwafundisha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi. Eusebi anawataja wanafunzi wake waliouawa: Plutarko, Sereno, Heraklide, Heroni, Sereno mwingine, na mwanamke aitwaye Heraisi ambaye alikuwa bado katekumeni, yaani aliuawa kabla hajabatizwa. Kwa hiyo chuo hiki kilitoa wafiadini kabla ya kutoa vitabu vyake vikubwa, na mwalimu alionekana akiwasindikiza hadi mahali pa kuuawa.

Baadaye aliviuza vitabu vyake vya fasihi ya Kigiriki kwa malipo ya oboli nne kwa siku, akaishi kwa hizo. Alilala chini na kutembea peku. Wanafunzi walipozidi aligawa darasa: wanaoanza akampa Herakla, nduguye yule Plutarko aliyeuawa, yeye akabaki na waliokomaa. Tajiri mmoja aliyeitwa Ambrosi, ambaye Origene alikuwa amemtoa katika uzushi, alimlipia makarani wa hati mkato zaidi ya saba waliopokezana, na wanakili, na mabinti waliosomea mwandiko mzuri. Vitabu vya Origene vilienea duniani kwa mikono yao, na hakuna aliyejali kuandika majina ya mabinti hao.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa Heksapla. Wakristo walipojadiliana na Wayahudi walijibiwa mara nyingi kwamba aya waliyoitegemea haimo katika Kiebrania. Origene hakujibu kwa kupaza sauti. Aliandaa Agano la Kale katika safu sita zilizopangwa sambamba: Kiebrania, Kiebrania kwa herufi za Kigiriki, kisha tafsiri za Akila, Simako, Septuaginta na Theodotioni. Katika safu ya Septuaginta aliweka alama kuonyesha maneno yaliyozidi na yaliyopungua kulingana na Kiebrania. Ilikuwa kazi ya miaka mingi, iliyomalizikia Palestina, na vipande tu ndivyo vilivyobaki. Kuna ujasiri ndani yake: mtu anayeiamini Biblia kuwa neno la Mungu anakubali kuonyesha waziwazi mahali nakala zake zinapopishana.

Watu wengi humkumbuka zaidi kwa tafsiri za mafumbo. Alifundisha kwamba Andiko lina mwili, nafsi na roho, na msomaji asiishie kwenye mwili. Ufafanuzi wa Msamaria Mwema ambao bado unasikika katika mahubiri yetu, kwamba aliyeshambuliwa ni Adamu, Yerusalemu ni paradiso, Yeriko ni dunia, Msamaria ni Kristo na nyumba ya wageni ni Kanisa, umo katika mahubiri yake juu ya Luka, naye alisema aliupokea kwa mzee mmoja. Walimu wa Antiokia walilalamika baadaye kwamba kwa njia hiyo mtu anaweza kulifanya Andiko liseme lolote. Lalamiko lao lina haki. Lakini aliyetumia miaka mingi kulinganisha safu sita za maandishi hawezi kuitwa mtu aliyedharau maneno.

Ugomvi wake na Demetrio ulikatisha yote. Mwaka 230 hivi maaskofu wa Palestina walimpa Origene upadre bila idhini ya askofu wake, naye Demetrio akamfukuza. Akahamia Kaisarea akaendelea kufundisha. Mateso ya Kaisari Desio mwaka 250 yalimkuta mzee. Alifungwa minyororo, akanyooshwa miguu katika mkatale, akatoka hai lakini amevunjika. Alifariki miaka michache baadaye. Miaka mia tatu baada ya kifo chake Kanisa lilimlaani, na vitabu vyake vingi vikapotea katika Kigiriki. Mtu aliyelifundisha Kanisa kufafanua Biblia hakuwahi kuwekwa katika orodha ya watakatifu.

Demetrio alipofariki, Herakla akawa askofu. Baada yake, Dionisi, mwanafunzi mwingine wa Origene. Tangu hapo ikawa kama desturi kwamba mwalimu wa chuo hupanda kiti cha askofu. Katika historia ya chuo, Dionisi anastahili kukumbukwa zaidi kuliko anavyokumbukwa.

Katika wilaya ya Arsinoe kulikuwa na makanisa ya vijijini yaliyomfuata Askofu Nepo, marehemu wakati huo, aliyeandika kwamba miaka elfu ya Ufunuo itakuwa ufalme wa hapahapa duniani wenye starehe za mwili. Vijiji vizima vilikuwa vimejitenga. Dionisi angeweza kupeleka barua ya kuwatenga. Badala yake alikwenda mwenyewe, akawaita mapadre na walimu wa vijiji, wakakaa siku tatu mfululizo asubuhi hadi jioni, wakikipitia kitabu cha Nepo. Aliyaandika yaliyotokea, akiwasifu wenyeji kwa utulivu wao na kwa kukubali hoja ilipothibitishwa. Mwishoni kiongozi wao, Korakioni, alisema hatafundisha tena mambo hayo.

Katika kazi hiyohiyo Dionisi alikichunguza kitabu cha Ufunuo. Hakukikataa; alisema tu kwamba kinapita akili yake. Halafu akalinganisha Kigiriki chake na kile cha Injili ya Yohane: msamiati, mpangilio wa mawazo, makosa ya sarufi. Akahitimisha kwamba mwandishi aitwaye Yohane katika Ufunuo ni Yohane mwingine. Ni hoja ambayo wanafunzi wa theolojia hukutana nayo vyuoni leo kana kwamba imezuka Ulaya karne mbili zilizopita. Ilitolewa na askofu wa Kiafrika katikati ya karne ya 3, naye alibaki askofu, tena mwenye kuheshimiwa.

Waliofuata, Theognosto na Pierio, wametuachia vipande tu. Petro, aliyehesabiwa miongoni mwa walimu na kisha kuwa askofu, aliuawa mwaka 311. Halafu likaja suala la Ario, na Nikea, na Atanasi aliyekuwa askofu kuanzia 328 hadi 373 na kufukuzwa mjini mara tano. Mtu anaweza kuandika kitabu kizima juu yake. Hapa inatosha barua moja. Kila mwaka askofu wa Aleksandria, mji wenye wanajimu mahiri, alipeleka barua ya kutangaza tarehe ya Pasaka. Katika barua ya 39, ya mwaka 367, Atanasi aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, ndiyo orodha ya kwanza iliyotufikia inayolingana na ile tuliyo nayo. Akaongeza vitabu vingine ambavyo haviko katika kanuni lakini vinafaa kusomewa wanaoanza kujifunza imani, vikiwemo Didake na Mchungaji wa Herma. Hata alipokuwa akiweka mipaka, katekumeni alikuwa akilini mwake.

Zamu ya mwisho ni ya Didimo. Alizaliwa mwaka 313 hivi, akapofuka akiwa na miaka minne, kabla hajajifunza kusoma. Inasimuliwa kwamba alijifunza herufi kwa kuzipapasa zikiwa zimechongwa kwenye ubao. Alisomewa vitabu mpaka akavihifadhi, akawa mwalimu mkuu wa mji kwa miongo mingi. Jeromu, akiwa ameanza kuota mvi na ana jina kubwa, alikwenda mwaka 386 akaketi miguuni pake na kumuuliza mambo ya Maandiko yaliyomtatiza. Msomi mwingine, Rufino, alikaa kwake miaka kadhaa.

Kwa karne nyingi Didimo alijulikana kwa sifa tu, kwa kuwa laana iliyompata Origene mwaka 553 ilimgusa na yeye, vitabu vyake vikaacha kunakiliwa. Kisha mwaka 1941, katika machimbo ya kale ya mawe huko Tura, kusini mwa Cairo, vibarua waliokuwa wakisafisha mapango ili jeshi la Uingereza lihifadhi silaha waligusa lundo la mafunjo. Sehemu iliuzwa kwa walanguzi kurasa kwa kurasa kabla serikali haijajua. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya Origene na vya Didimo, na kati ya hivyo mihadhara juu ya Zaburi na Mhubiri iliyoandikwa darasani kama ilivyosemwa.

Hapo ndipo chuo kinaposikika chenyewe. Mwalimu anasoma mstari, anaufafanua, anapotea kidogo katika jambo la mantiki au la sarufi, anarudi. Mwanafunzi anamkatiza kwa swali. Karani ameandika kwamba hilo ni swali, kisha jibu la mwalimu, mara nyingi fupi, na somo linaendelea. Maswali mengine ni ya msingi kabisa, ya mtu ambaye hakuelewa neno. Hakuna sanamu wala jengo ambalo lingetupa ushahidi bora wa chuo hiki kuliko maswali hayo ya wanafunzi wasiojulikana.

Baada ya Didimo, Rodoni alihamishia mafundisho Side, katika Uturuki ya leo; ndivyo anavyodai mwanafunzi wake Filipo. Wasomi wa siku hizi wanatilia shaka kama palikuwa na taasisi moja yenye wakuu waliofuatana bila kukatika tangu Panteno. Wanasema Eusebi alipanga walimu waliojitegemea katika mstari ulionyooka, kwa kuwa alipenda urithi ulionyooka. Nakubaliana nao kuhusu miaka ya mwanzo. Tangu Demetrio alipomkabidhi Origene wakatekumeni, hata hivyo, kilichokuwepo kilikuwa chini ya Kanisa, na ugomvi wao unathibitisha hilo: mtu hafukuzwi mahali asipokuwa na nafasi.

Mtaguso wa Kalkedonia mwaka 451 uligawa Kanisa la Misri, na mji ukaja kuwa na mapatriaki wawili, wa Wakopti na wa Wagiriki. Mwaka 1893, wakati wa Papa Kirilo wa Tano, Wakopti walifungua chuo cha wakleri Cairo, nao wanakihesabu kuwa ni kufunguliwa upya kwa chuo cha Aleksandria. Habib Girgis, mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza, alikuwa mkuu wake tangu 1918 hadi kifo chake mwaka 1951, akajenga pia shule za Jumapili zilizolea kizazi kizima. Kanisa lake lilimtangaza mtakatifu mwaka 2013. Shenuda wa Tatu, aliyesoma hapo na kuwa askofu wa elimu mwaka 1962, alipokuwa papa alidumisha mhadhara wake wa kila Jumatano, ambapo alijibu maswali ya waumini mbele ya umati.

Kwa upande wa Wagiriki, patriaki wao huitwa Papa na Patriaki wa Aleksandria na Afrika yote, na waumini wa Kiorthodoksi wa Kenya, Uganda na Tanzania wako chini yake. Nchini Uganda Uorthodoksi huo ulianza kwa juhudi za Reuben Spartas na wenzake mwaka 1929, na Aleksandria ikawapokea mwaka 1946. Seminari ya patriaki huyo iko Riruta, Nairobi. Wakopti nao walimleta Nairobi Askofu Antonius Markos mwaka 1976.

Limebaki jambo la kufanyika kwetu. Vyuo vyetu vya theolojia vina walimu wanaosoma Kigiriki. Hotuba ya Klementi juu ya tajiri ni fupi, na yale masimulizi ya Dionisi kuhusu siku tatu za Arsinoe hayajazi hata kurasa kumi. Vitafsiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka katika Kigiriki, viuzwe kwa bei ya kitabu cha nyimbo, na viwekwe mikononi mwa makatekista wa vijijini, kwa maana wao ndio wanaofanya kazi ile ile aliyokabidhiwa Origene.